Kahawa Kabla ya Kisu

Daktari wa Bukoba aliponiambia nina saratani ya pafu, nilimuuliza kama dirisha lake halifungi, maana upepo wa ziwa ulikuwa unanipiga mgongoni. Binti yangu alikuwa amenishika mkono. Niliutoa nikajifunga kanga vizuri. Daktari akainuka, akafunga dirisha, akakaa, akarudia maneno yaleyale polepole kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Nikamwambia nilisikia mara ya kwanza.

Watu wameniuliza sana nilijisikiaje siku ile. Sikujisikia. Nimetafuta jibu zuri zaidi la kuwapa, sijalipata. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unajua ni wako, unaugusa, lakini hauna habari na wewe.

Naishi Kagoma, wilaya ya Muleba, kwenye kibanja cha migomba alichoniachia mume wangu. Yeye mwenyewe yupo hapohapo, amezikwa upande wa juu karibu na mibuni. Binti yangu ni mwalimu, anakaa Kagondo, Bukoba, na ndiye aliyenilazimisha kupiga picha ya kifua. Kikohozi kilikuwa kimekataa dawa zote, kisha kikaanza kutoa damu. Haikuwa nyingi. Nilikuwa natema nyuma ya jiko nafukia na udongo, naendelea na kazi.

Aliyeniona ni wifi yangu, dada wa marehemu. Huyu aliolewa, ndoa ikamshinda, akarudi kwao akajengewa nyumba ndani ya kibanja hichohicho. Tangu hapo tumeishi mlango kwa mlango tukigombana. Tumegombania kuku, tumegombania mpaka wa maharage, tumegombania nani kati yetu alimpikia marehemu vizuri. Sikumpenda na yeye hakunipenda, na haikupita siku hatujaonana.

"Unafukia nini, wifi?"

"Makohozi."

"Makohozi mekundu?"

"Umekuja kuomba chumvi au kupekua?"

Alichukua chumvi akaondoka. Jioni ileile akampigia binti yangu simu.

Baada ya Bukoba tukaandikiwa kwenda Mwanza, kwenye hospitali kubwa. Wifi akaja. Hakuna aliyemwomba. Asubuhi ya safari tulimkuta barabarani amekaa juu ya mkungu wa ndizi, amevaa gauni la kanisani. Binti yangu akamwambia, "Shangazi, hospitali hawahitaji mkungu." Akajibu, "Siupeleki hospitali. Watu watakaotupokea watakula mawe?"

Kwenye basi alikaa dirishani. Tulipofika Kimwani alikuwa ameshasema habari za kila shamba tulilopita, nani amechelewa kupalilia, nani amepanda karibu mno. Halafu akanigeukia.

"Ukifa huko, wifi, mimi ndiye nitakayerudi na maiti. Na mtu mwenye mifupa mizito kama wewe ni taabu kupakia."

"Shangazi!" binti yangu akasema.

"Mwache," nikamwambia. "Ndivyo anavyosali."

Mwanza tulipokelewa na daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Aliniuliza kama nimewahi kuvuta sigara. Nikamwambia sigara hapana, nilivuta kiko. Wanawake wengi wa rika langu kwetu walivuta kiko jioni, ndizi zikishamenywa na sufuria ikiwa jikoni, na hakuna aliyeona ajabu. Akauliza kama napikia kuni. Nikamwambia kuni ndizo zilizonilea.

Halafu akanieleza. Uvimbe ulikuwa kwenye pafu la kushoto, sehemu ya juu, palepale bomba la hewa linapogawanyika na mshipa mkubwa wa damu unapopita. Mtu mwingine angetolewa pafu lote la kushoto na kuishi na la kulia. Lakini la kulia kwangu lina makovu ya kifua kikuu nilichougua nikiwa msichana. Peke yake haliwezi kunibeba.

"Nikitoa pafu lote, Bibi, hutainuka tena kitandani," alisema. "Kwa hiyo sitalitoa lote."

"Sasa tumekuja kufanya nini?"

Akanyoosha mkono wake, akashika mkono wa koti jeupe hapo kwenye kiwiko. "Tuseme nguo imeungua hapa. Nakata palipoungua tu, juu na chini, natupa. Kisha kipande cha chini nakishonea begani. Mkono unakuwa mfupi, lakini unabaki mkono. Bomba la hewa nitalifanya hivyo. Sehemu ya juu ya pafu itaondoka, sehemu ya chini itabaki na itapumua."

Hilo nililielewa. Nimefupisha sweta za watoto sita kwa njia hiyo.

"Tatizo ni mshipa wa damu," akaendelea. "Uvimbe umeushika. Na wenyewe lazima tuukate na kuuunga. Pafu lenye hewa lisilo na damu halifai kitu. Kuna mwenzangu wa mishipa amekuja kwa muda, tutafanya naye. Mwisho wa wiki hii anaondoka."

"Mkishindwa kuuunga?"

Binti yangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Daktari hakuangalia pembeni.

"Nitafunga kifua, na utarudi nyumbani na uvimbe wako."

Nikamshukuru kwa kusema wazi. Binti yangu alitoka nje. Mimi nilibaki namwangalia yule daktari vidole. Vilikuwa vifupi, kucha zimekatwa hadi mwisho, na nilijisemea kwamba mtu mwenye vidole hivyo anaweza kumenya ndizi bila kupoteza nyama. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu. Si kifo, si watoto.

Usiku ule waliniambia nisile wala nisinywe kitu mpaka nipelekwe. Sikuwa na njaa, basi haikuwa shida.

Sasa lazima nieleze jambo, maana wasio wa kwetu hawataelewa. Kwetu kahawa kwanza ni ya kutafuna. Tunda linachemshwa na majani yenye harufu, linakaushwa, linawekwa kwenye kikapu kidogo. Mgeni akiingia anapewa kabla hajaulizwa kilichomleta. Tunaita akamwani. Mtu wa kwetu akikuambia hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri, inawezekana ametafuna akamwani mara tatu, na hajasema uongo. Haihesabiwi. Na tunda moja ndani lina punje mbili zimelaliana. Zamani, watu wasiozaliwa pamoja waliotaka kuwa ndugu walichanjwa, punje hizo mbili zikapakwa damu, kila mmoja akameza ya mwenzake. Baada ya hapo huwezi kumdhuru, na njaa ikija huwezi kumfungia mlango. Mimi sijaona ikifanyika, nilisimuliwa tu nikiwa mdogo.

Asubuhi waliniogesha, wakanivisha gauni linalofungwa nyuma. Waliruhusu mtu mmoja kuingia. Binti yangu alikuwa dirishani kwenye mambo ya malipo na saini, kwa hiyo akaingia wifi. Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, maana kiti hakikuwepo. Akafungua fundo la kanga.

"Shika."

"Wamesema nisile."

"Nani amekupa chakula? Ni akamwani."

"Wamesema nisile, wewe mwanamke."

"Miaka yote hujawahi kusikiliza mtu. Leo ndiyo unawasikiliza watoto waliovaa kijani?"

Akalivunja tunda kwa meno. Punje moja akaiweka mdomoni mwake, nyingine akaninyooshea. Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Nimekaa na mwanamke yule ukuta kwa ukuta, nimemwona akimzika kaka yake na akimzika mwanawe, sikuwahi kuona mkono wake ukitetemeka. Angelia, ningemfukuza. Hakulia. Alikuwa ananiangalia kwa hasira, kama nimemkatia mgomba.

Nikaichukua, nikaitafuna.

Muuguzi alikuja na kitanda cha magurudumu, kijana mwanamume mwenye haraka. Akaniangalia mdomo.

"Bibi, unatafuna nini?"

"Akamwani."

"Ndiyo nini?"

"Kahawa."

"Umekunywa kahawa?"

"Sijanywa. Nimetafuna."

"Umemeza?"

"Kwenu mtu akitafuna anatunza? Nimemeza."

Akakiacha kitanda palepale mlangoni, akaondoka. Aliporudi alikuwa na daktari, na nyuma ya daktari mtu wa kunilaza usingizi, na nyuma yao binti yangu na makaratasi mkononi.

"Bibi, nilisema usile kitu," daktari alisema.

"Sijala kitu."

Yule wa usingizi akanieleza bila kugomba. Nikiwa nimelala, vilivyo tumboni vinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu, na mapafu yangu hayana nafasi ya mchezo huo. Upasuaji wa leo basi. Daktari wangu akasema kwamba kesho ndiyo siku ya mwisho ya yule mwenzake wa mishipa, na kesho tayari kuna mgonjwa mwingine. Akishaondoka, hajui atarudi lini. Na uvimbe hausubiri mtu. Leo bado kuna mahali pa kukata na mahali pa kushonea. Ukisogea kidogo tu kwenye mshipa, hapatakuwepo.

Walipotoka, binti yangu alimgeukia shangazi yake.

"Umemuua Mama. Shangazi, unanisikia? Kwa punje ya kahawa!"

Wifi alibaki kwenye ndoo. Alikuwa ameinamisha kichwa anakunja pindo la kanga, anakunjua, anakunja.

"Usimpigie kelele," nikasema. "Mdomo ni wangu, na meno yaliyobaki ni yangu."

"Mama, mimi sikuelewi. Ulijua!"

"Nilijua."

"Kwa nini sasa?"

Ningemwambia nini? Kwamba shangazi yake alitetemeka mkono? Angesema nimechanganyikiwa. Nililala nikageukia ukutani. Ukuta ulikuwa na rangi ya bluu hadi katikati, halafu nyeupe. Nikauangalia mpaka wakaleta chakula cha mchana. Wakasema sasa naweza kula. Nikala wali wote.

Mgonjwa wa siku iliyofuata alikuwa jirani yangu wa kitanda, mama mmoja muuza dagaa, mnene, mcheshi. Mshipa wake mkubwa ulikuwa umevimba tumboni. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Kumbe wewe ndiye uliyekula kahawa?"

"Ndiye mimi."

"Ilikuwa tamu angalau?"

"Chungu."

Akacheka mpaka akajishika tumbo, akaguna kwa maumivu, akacheka tena. Alizungumza mpaka taa zikazimwa, habari za wanawe, habari za bei za dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapotua. Nilimsikiliza. Sikumtakia mabaya. Wala sikumwombea mema, nasema ukweli. Nililala.

Asubuhi walimpima presha, wakampima tena. Akapewa dawa, wakasubiri, wakapima. Haikushuka. Daktari wa usingizi akatikisa kichwa. Halafu wote wakageuka kuangalia kitanda changu.

"Bibi, umeweka nini mdomoni tangu jana usiku?"

"Ulimi."

Muuza dagaa alikuwa amejilaza chali, machozi yanamwingia masikioni. Waliponisukuma kupita kitanda chake alisema, "Nenda, mama. Usiombe kahawa njiani."

Upasuaji wenyewe siujui. Niliambiwa nihesabu, nikahesabu kidogo kwa Kihaya, halafu nikawa niko sehemu nyingine yenye mashine, bomba limetoka ubavuni kwangu linaingia kwenye chupa sakafuni, na maji ndani ya chupa yanachemka kila nikipumua. Maumivu yalikuwepo. Yalikuwa makubwa, lakini ni kama yaliwekwa kando kidogo, juu ya meza, nayaona.

Daktari alikuja akiwa bado na alama ya kofia kwenye paji.

"Tumeunga, Bibi. Bomba la hewa, na mshipa. Mshipa haukutosha kuvutwa, tumetia kiraka."

"Kiraka cha nini?"

"Cha ule mfuko unaofunika moyo wako. Ni mwili wako mwenyewe."

Nikamuuliza kama kitashika. Akasema hapo hawezi kuniahidi. Damu inaweza kuganda kwenye mshono na kuziba njia, na sehemu ya chini ya pafu ikafa. Watanipa dawa ya kulainisha damu, nitafanya mazoezi ya kupumua, na baada ya wiki kadhaa nitapigwa picha nyingine, inaweza kupigwa Bukoba. Picha hiyo ndiyo itakayosema.

Niliporudi wodini, kitanda cha muuza dagaa kilikuwa na msichana aliyefungwa bandeji kichwani. Sikuuliza. Mpaka leo sijauliza.

Walinipa kidude cha plastiki chenye mipira ndani, unavuta pumzi na mipira inapanda. Yangu haikupanda. Wifi ndiye aliyekaa nami mchana, binti yangu alikuwa amerudi kazini. Hakuna siku tuliyozungumza habari ya ile punje.

"Vuta, wifi. Umepuliza kuni mbichi umri wako wote, leo mpira wa mtoto unakushinda?"

"Vuta wewe basi."

Akachukua, akavuta, mipira yote ikagonga juu. Akanirudishia bila kusema neno, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi. Niliendelea kuvuta mpaka mmoja ukainuka.

Tulirudi Bukoba nikakaa Kagondo kwa binti yangu kusubiri picha. Mshono ulipita chini ya ziwa la kushoto hadi mgongoni, na ngozi ya hapo haikuwa na hisia. Nilipoogeshwa sikujua kama maji ni ya moto au ya baridi. Walisema mishipa ya fahamu imesumbuliwa, huenda ikarudi, huenda isirudi. Binti yangu alinipikia vizuri. Aliniwekea redio. Nikikohoa usiku nasikia kitanda chake kinalia upande wa pili, ameinuka, anasikiliza kama kuna kohozi la pili. Nilikuwa nalizuia. Alitaka tuzungumze, aniambie anaogopa, nami nimwambie naogopa. Nilimwambia ndizi zake zimeiva mno kwa kupika.

"Mama, kama picha ikiwa mbaya?"

"Itakuwa mbaya."

"Ndiyo basi?"

"Unataka niseme nini, mwanangu? Kiraka kimeshashonwa. Hakisikii maneno yangu."

Akainuka akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Siku ya picha walinichoma dawa mkononi, mwili ukapata joto lililoshuka hadi kwenye nyayo. Tulikaa kwenye benchi. Akatuita yule daktari wa kwanza, wa dirisha. Nilitazama, safari hii alikuwa amelifunga mwenyewe mapema. Alizungusha kioo cha kompyuta tuone. Kulikuwa na mstari mweupe unashuka, kisha unasinyaa kidogo, kisha unaendelea na kugawanyika kama mizizi.

"Hapa ndipo palipounganishwa," akasema, akaweka ncha ya kalamu pale paliposinyaa. "Damu inapita. Na hii yote nyeusi chini ni hewa. Pafu lako linafanya kazi, Bibi."

Binti yangu akaweka kichwa mezani kwa daktari, akalia kwa sauti, mwalimu mzima. Daktari akanitazama mimi. Nadhani alisubiri. Nikamuuliza kama naruhusiwa kupalilia. Akasema kwa sasa hapana, kutembea ndiyo. Nikamshika binti yangu begani, nikamwambia ainuke, kuna wagonjwa wengine nje.

Kagoma walinifanyia ibada ya shukrani, Jumapili, kanisani kwetu. Mimi ni Mlutheri, najua taratibu: aliyeponywa anasimama mbele anasema aliyotendewa. Watu walikuwa wamejaa, wameleta ndizi na kuku wa mnada. Niliona wengine wameshatayarisha leso. Mchungaji akaniita.

Nikasimama. Nikatafuta hayo wanayoyataka, machozi, sifa, kitu chochote. Mahali pake palikuwa patupu, pasafi, kama chumba kilichofagiwa.

"Waliona uvimbe," nikasema. "Walikata kipande, wakaunga palipobaki. Napumua. Asanteni kwa kuja."

Nikaanza kurudi. Wifi, safu ya pili, akasema kwa sauti ambayo hata mzee wa kanisa aliisikia, "Hata Mungu bado anasubiri uongeze neno."

Watu wakacheka. Kwaya ikaokoa hali, ikaanza wimbo tunaoujua wote, mrefu, wenye sauti za juu. Binti yangu akanionyesha benchi, nikae. Nikabaki nimesimama. Niliimba ubeti wa kwanza, nikaimba wa pili, nusu sauti. Kwenye wa tatu pumzi ikakatika katikati ya neno. Binti yangu akanishika kiwiko. Nikafunga mdomo, nikaangalia mbele, nikaisubiri.

Ikaja, kutoka chini, upande wa kushoto. Nikaingia kwenye kiitikio pamoja na wengine.